Mama Kulwa Alirudi Wodini

Ujumbe wa Kulwa uliingia asubuhi, nikiwa nimesimama jikoni hapa Buruburu, Nairobi, nikingoja maziwa yachemke. Niliona jina lake kwenye simu nikajua. Kulwa ni mtu wa jioni. Asubuhi yuko dukani kwake Mwanza na hana muda wa salamu. Maziwa yakafurika, yakamwagika kwenye jiko, nami nikasimama pale pale nikiyatazama yakiungua. Mzee wangu, baba watoto, akaniuliza kutoka chumbani, "Nini kinanuka?" Nikamjibu hakuna kitu. Nilipousikiliza ujumbe hatimaye, ulikuwa mfupi, kwa ile sauti yake isiyo na haraka: "Dada Njeri, habari za asubuhi. Mama ametutoka. Ukipata nafasi, naomba unipigie."

Sikumpigia. Mimi ni mwanamke mzima, nimezaa, nimezika, nimegombana na askari wa kanjo, baraza la jiji, bila kutetemeka, lakini simu ile ilinishinda. Sababu naijua. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa niliugua nikiwa safarini, ugenini, na mwanamke huyo aliyekufa leo akanilisha kwa mkono wake. Binti yake, Doto, alikuwa kitanda cha pili. Doto akafa, mama yake akamzika, kisha akarudi wodini kunilisha mimi. Kwa nini alirudi? Na miaka yote hii, kila aliponikazia macho, alikuwa akimwona nani? Nilitaka kumuuliza yeye mwenyewe, na kila nilipomtembelea nilijiambia nitamuuliza mwaka ujao. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Sasa Kulwa anataka niende mazishini, nami sijui nitasimama wapi kwenye kaburi la mtu ambaye huenda nilimtonesha kidonda kila aliponiona.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na shughuli ila kumsaidia mama kuuza mboga soko la Jericho mchana, na jioni kuimba kwaya ya vijana. Nyumba yetu ilikuwa ya kanjo, vyumba viwili, kuta zake kijani hadi kiunoni na nyeupe kuendelea juu. Pazia la maua liligawa chumba cha mbele, na nyuma ya pazia hilo ndipo nilipolala nikisikiliza dunia: jirani akimkaripia mumewe kwa Kijaluo, redio ya mtu ikisoma matangazo ya vifo, mama akiongea na wateja wake usingizini, na watoto nje wakigombania mpira kwa Sheng ambayo hata sisi tuliowatangulia kidogo tulikuwa tumeanza kupitwa nayo. Nikifumba macho naweza kunusa chumba kile hata sasa, mafuta ya taa na sukuma wiki iliyokatwa, na sabuni ya kipande. Sikujua kwamba ni chumba kizuri. Nilikuwa na haraka ya kukihama, na kwaya ilipoalikwa kwenda kuimba Mwanza niliona mbingu zimefunguka, maana safari ndefu niliyoijua ilikuwa ya kwenda kwa nyanya Murang'a kila Desemba.

Nilianguka katikati ya wimbo. Kichwa kilikuwa kimeniuma tangu tufike, lakini nani angekubali kulala huku wenzake wanaimba ng'ambo ya mpaka? Nakumbuka sauti za wenzangu wa alto zikisogea mbali polepole, kama watu wanaoimba huku wakitembea kwenda zao, nami nikabaki peke yangu mahali peupe penye joto. Nilipozinduka nilikuwa kwenye hospitali ndogo ya misheni pembeni mwa mji, dripu mkononi. Daktari akasema ni homa ya matumbo, na kwamba nikipandishwa basi sitafika hai. Basi la kwaya lilikuwa la kukodi na siku yake ya kurudi ilikuwa imewadia. Mwalimu wetu wa kwaya akaniombea hadi akatokwa na jasho, akaniwekea machungwa na sabuni kando ya kitanda, akaahidi kumpelekea mama habari. Kisha wakaondoka, nami nikasikia honi yao ikilia barabarani.

Hawakunitupa, na sitaki mtu awalaumu. Kwetu Nairobi mgonjwa akilazwa, hospitali ndiyo humlisha. Jamaa huja saa ya kuona wagonjwa, hukaa kidogo, kengele hulia, hufukuzwa. Kule ilikuwa kinyume. Mgonjwa alilishwa na ndugu zake, na ndugu walishinda hapo hapo, wakipika kwenye kibanda nyuma ya wodi, wakifua, wakilala kwenye mikeka chini ya miti. Hakuna aliyetuambia, kwa sababu hakuna mtu anayesema jambo ambalo anadhani kila mtu analijua. Kwa hiyo wanawake walipoingia mchana na sufuria zilizofungwa kwenye kanga, mimi binti wa Jericho nikawatambua mara moja: hawa ndio wapishi wa hospitali. Nikatengeneza mto, nikangoja zamu yangu. Wakanipita. Jioni wakaja tena, wakanipita tena. Asubuhi iliyofuata, njaa na homa vikiwa vimeshikana mikono kichwani mwangu, nikainuka kwa kiwiko na kupaza sauti.

"Nyinyi! Mbona mnanipita? Leta chakula yangu!"

Wodi nzima ikanyamaza. Mwanamke mmoja akaacha kijiko hewani. Kisha sauti moja upande wa mlango ikasema, "Mkenya huyo. Hata shikamoo hana," na vicheko vikapita kitanda hadi kitanda. Mwanamke wa kitanda cha pili peke yake hakucheka. Alikuwa mnene, mfupi, kitambaa cha buluu kichwani, na alinitazama kwa namna ya mtu anayekagua samaki sokoni kama ni wa leo au wa jana.

"Mwanangu, sisi si wapishi," akasema. "Mimi nimemletea binti yangu. Ndugu zako wako wapi?"

"Wameenda na basi."

"Wote?"

Nikaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo nilipoelewa, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote. Akageuka kwa binti yake. "Doto, sogeza bakuli." Halafu akaja kuketi kwenye ukingo wa kitanda changu, kijiko mkononi. "Nitapikia wawili. Lakini hapa hatusemi leta. Tunasema naomba."

"Naomba," nikasema, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikaongeza, "Shikamoo," na alipocheka, mwili wake wote ulicheka naye, kitanda kikatikisika.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sufuria ya Mama Kulwa. Asubuhi uji wa ulezi wenye limau, mwepesi kwa sababu ya tumbo langu. Mchana mchuzi wa sato. Mimi ni Mkikuyu wa zamani zile. Samaki kwetu alikuwa kitu cha kutazamwa kwenye masinia ya akina mama wa Kijaluo, tena kwa mbali. Nikafunga mdomo. Mama Kulwa akasema, "Huyu samaki hajui wewe ni kabila gani," akanitia kijiko. Bado natafuta ladha ile. Nimemtafuta sato huyo kila soko la Eastlands, upande wetu wa Nairobi, na sijampata, na mzee wangu husema si samaki ninayemtafuta, na kwa hilo moja yuko sahihi.

Siku zile haziko sawasawa kichwani mwangu, nyingine zimeyeyuka. Vyandarua vilifungwa mafundo juu ya vitanda mchana, vyeupe, na upepo wa ziwani ulipoingia vilipumua. Mwanga ulipanda ukutani asubuhi na kushuka jioni, na kati yake sikuwa na hakika niko wapi. Homa ikipanda nilikuwa Jericho. Nilisikia muuza makaa akipita, nikamwona mama amesimama mlangoni na gunia la kabichi, nikamwambia aingie, naye akasema hawezi kuingia na mzigo. Homa ikishuka niliona mawe makubwa ya Mwanza kupitia dirishani, yamepangana juu ya vilima kana kwamba mtoto aliyachezea akaitwa nyumbani kula. Na kila nilipofungua macho, kwenye kitanda cha pili Doto alikuwa ananitazama.

Doto alikuwa na umri wangu. Moyo wake ndio uliokuwa mbovu, tangu utotoni. Hakuwa na maumivu, alichoka tu. Akisema sentensi moja ndefu ilibidi apumzike kabla ya nyingine. Dada yake pacha, Kulwa, alibaki nyumbani kutunza duka na baba yao. Doto alitaka kujua kila kitu cha Nairobi, na mimi, ambaye nilikuwa nimelia ili nitoke Jericho, nikajikuta namsimulia Jericho kwa fahari.

"Yeriko ya kwenye Biblia?" akauliza.

"Hapana. Mtaa. Tena ukivuka hapo upande wa pili uko Jerusalem."

"Acha uongo."

"Haki ya Mungu. Nikitumwa chumvi nikikosa Jericho naenda Jerusalem."

Alicheka hadi akakosa pumzi, mama yake akaja mbio kutoka kibandani, mikono ina unga. "Unamuua mwanangu kwa vichekesho," akanigombeza, lakini alikuwa anatabasamu, kwa sababu Doto hakuwa amecheka kwa muda mrefu. Baada ya hapo kila alasiri ikawa, "Njeri, nipeleke Yerusalemu," nami nampitisha: uwanja wa mpira, kinyozi aliyekuwa na vioo viwili vilivyopasuka, mama yangu na mizani yake, vijana waliokaa ukutani wakisalimia kila msichana, "Sasa supa!" Akajifunza kuitikia, "Poa." Alimsalimia hivyo sista wa wodi asubuhi moja, na sista akatuchunia, akapita kama hakutusikia.

Alasiri fulani nilikuwa nimefumba macho, nao wakadhani nimelala. Sista alimwambia Mama Kulwa kwa sauti ya chini kwamba moyo umechoka sana, na dawa zimefika mwisho wa kazi yake.  Mama Kulwa akauliza, "Na huyu wa Nairobi?" Sista akasema, "Huyu atapona. Akiendelea kula hivi, atapona." Nilisikia kanga yake ikisugua ukingo wa kitanda changu alipoinuka. Tangu siku hiyo nilikula kwa woga. Kila kijiko kilichoingia kinywani mwangu niliona kama kimepita njia isiyo yake.

Doto alikufa mchana, mvua inanyesha. Sikuona. Nilikuwa nimelala ule usingizi mzito wa homa inayoondoka, na nilipoamka sauti ya mvua juu ya mabati ilikuwa imekoma, na kitanda cha pili kilikuwa wazi, godoro limekunjwa, chandarua kimefungwa fundo lake kama kawaida. Kwa muda nilidhani ni mimi niliyehamishwa. Nikamuuliza sista, "Doto yuko wapi?" Akashika mkono wangu tu. Nililia siku ile kama sijawahi kulia, na sehemu ya kilio kile, niiseme wazi, ilikuwa ya kujililia mwenyewe. Mama Kulwa ndiye niliyekuwa naye, naye ameondoka na msiba wake, na hana sababu duniani ya kurudi mahali hapa. Wanawake wa wodi walinihurumia. Huyu alinipa vijiko viwili vya uji, yule kipande cha kiazi, nami nikajifunza kupokea kwa mikono miwili. Nikajiambia ndivyo itakavyokuwa hadi mama afike, kama atafika.

Kisha asubuhi moja, wiki ile ile, nikasikia wodi ikinyamaza tena. Mama Kulwa alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kimefungwa kanga nyeusi, kikapu mkononi. Alitembea kati ya vitanda, watu wakimpa pole naye akiitikia, akapita kitanda cha Doto ambacho tayari kilikuwa na mgonjwa mwingine, hakukitazama. Akaketi kwenye ukingo wa changu.

"Uji umepoa," akasema. "Barabara ina matope."

Sikuweza hata kusema shikamoo. Alichota kijiko akanipa, akachota kingine akala yeye, akanipa, akala, hadi bakuli likaisha. Hakumtaja Doto. Alikuja kesho yake na kesho kutwa, na kila siku ilikuwa hivyo, kijiko changu, kijiko chake, na kati yetu kimya ambacho sikukielewa na ambacho nilikiogopa.

Mama alifika akiwa na ile sweta yake ya sokoni, miguu imevimba kwa safari, macho mekundu. Alikuta nalishwa. Mama Kulwa akamtazama, akainuka, akamkabidhi kijiko bila neno, akaenda kusimama dirishani. Mama akanishika uso, akanipapasa kichwa ambacho nywele zilikuwa zimeanza kung'oka, akasema maneno ya Kikuyu ambayo yalikuwa ya kwetu sisi wawili. Nilipomweleza yote, sauti ya chini, aliacha kijiko kwenye bakuli. Nilitarajia amwendee amshukuru kwa yale maneno mengi ya wauzaji. Mama huongea hata na karoti. Badala yake akaniambia, "Njeri, huyu si mtu wa kuambiwa asante. Huyu ni wa kwenda kukaa naye."

Na akaenda! Mama yangu, aliyevuka mpaka kwa ajili yangu, aliniacha tena mchana ule ule akamfuata Mama Kulwa hadi kwenye matanga, akakaa mkekani, kisha akavua sweta akaingia jikoni na kuwapikia waombolezaji asiowajua. Nilikasirika sana. Siku zilizofuata alikuja asubuhi na jioni tu, akinuka moshi, na nilipomuuliza tunaondoka lini akanijibu, "Matanga yakiisha." Meza yake soko la Jericho ilikaa tupu, na mtu wa sokoni anajua meza tupu hukaliwa na mwingine. Hilo halikumsumbua.

Tulirudi Jericho nikiwa na upara kama yai. Mama alinifunga kitambaa, akawa anakwenda soko la mbuzi la Kiamaiko asubuhi na mapema kuchagua kichwa cha mbuzi na miguu, akanichemshia supu hadi nyumba nzima, pazia na kila kitu, ikanuka mbuzi. Majirani walikuja kuniona, wakaketi kwenye kitanda changu, wakanisema mbele yangu kana kwamba sipo: "Ameisha." "Si ameisha, ni macho tu yamekuwa makubwa." Nilipoanza kutoka, vijana wa ukutani waliniita, "Niaje Njeri! Manze umekonda!" Nikawajibu kwamba naomba wanipishe, tafadhali. Walipiga kelele za furaha. "Skia huyu! Anaongea kama redio!" Jina hilo la Redio lilinishika mwaka mzima. Jioni, nyuma ya pazia, nilisikiliza mtaa wangu wote ukiongea, na nikajikuta nautengeneza vizuri kichwani, ngazi kwa ngazi, kana kwamba kuna mtu ninayempitisha.

Tulipata kuwa watu wa nyumba moja na wale wa Mwanza. Nilikwenda nilipoolewa, nikaenda na kila mtoto. Mama Kulwa hakuja Nairobi hata mara moja, aliogopa baridi. Hakuwahi kuniita Doto kwa kupitiwa, ingawa niliisubiri siku hiyo. Alikuwa na tabia ya kunishika kifundo cha mkono na kunitazama kimya, muda mrefu kupita kiasi, nami kila mara niligeuza macho.

Leo mchana nikaenda Jericho kumwambia mama. Amekataa kuhamia kwangu. Anasema Buruburu watu hufunga mageti hata mchana. Alikuwa ameketi kwenye chumba kile cha mbele, pazia jingine sasa, akichambua dengu. Nilipomwambia aliweka ungo chini na kukaa hivyo, mikono wazi mapajani.

"Umempigia huyo mtoto?" akauliza baadaye.

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Mami, naogopa. Sijui kama alipenda kuniona. Wewe unadhani aliponiona alifikiria nini?"

"Mimi najua? Nilikuwa jikoni." Akanisukumia simu yangu kwenye meza. "Uliza mwenyewe."

Nikapiga. Kulwa alishika mara moja. Tulipeana pole, tukalia kidogo, akanieleza mambo ya mazishi. Kisha nikamuuliza, bila kupamba, kwa nini mama yake alirudi wodini. Nikamwambia kwamba miaka yote nimedhani nilikula sehemu ya Doto.



"Dada, hukujua?" Kulwa akasema. "Baada ya kumzika Doto, mama aligoma kula. Hapa nyumbani hata maji tulimnywesha kwa kumlazimisha. Baba alijua tunamzika wa pili. Asubuhi moja akaamka, akapika uji, akatoka. Tukamtuma shangazi amfuate. Shangazi akarudi analia, anasema mama yuko hospitali, na anakula. Anampa yule Mkenya kijiko, na yeye anakula kimoja. Kwako tu ndiko alikokuwa anakula. Baba akatukataza kumzuia. Tukawa tunaomba usipone haraka."

 Mama, ng'ambo ya meza, alikuwa akinitazama. Nililia kwa sauti, ndani ya chumba kile, mtu mzima wa umri wangu.

"Dada Njeri?" Kulwa akaita. "Upo?"

"Nipo," nikasema.